Barua zilitoka, hazikufika: wiki mbili za kufuata njia ya barua pepe kati ya seva tatu

Kuhamisha visanduku vya barua pepe kutoka seva moja kwenda nyingine huonekana kazi ya usiku mmoja: badilisha rekodi ya MX (inayosema barua za kikoa zipelekwe seva gani), subiri, kagua, kalale. Yetu ilichukua wiki mbili. Muda mwingi haukuliwa na marekebisho, kwa sababu karibu kila rekebisho lilikuwa mstari mmoja au miwili. Uliliwa na kutafuta mchawi mahali asipokuwepo. Yafuatayo ni kwa mpangilio yalivyotokea, makosa yetu yakiwemo.

Kwanza ramani. Seva tatu zilihusika na barua zinazotoka. Seva ya tovuti ilituma ankara na barua za kuthibitisha akaunti. Seva ya zamani ya barua, yenye Postfix (programu ya kupokea na kutuma barua), ilikuwa na visanduku vya wafanyakazi na ndiyo iliyopokea barua za tovuti. Lango la kutokea lilipokea kila kitu kiendacho nje, likatia saini ya DKIM (inayothibitisha kikoa kilichotuma), kisha likatuma kwa poti 25, mlango ambao seva za barua hukabidhiana. Visanduku vilihamia kwa mtoa huduma mpya, lakini seva zote tatu zilibaki kazini, maana tovuti na mashine za skana bado zilizitegemea. Ramani hii tuliichora siku ya nne. Ilipaswa kuchorwa kabla ya kugusa chochote, ikiwa na jina la kila seva, anwani yake ya IP, na jibu la swali moja: huyu akipokea barua, anamkabidhi nani, na nani kamwambia?

Barua iliyofika pasipotakiwa

Asubuhi ya kwanza malalamiko yalipingana. Wateja wa nje walipata ankara. Wafanyakazi waliopaswa kupata nakala za ankara hizohizo hawakupata kitu, ingawa barua walizoandikiana kwenye mfumo mpya zilifika vizuri. Na hakuna barua hata moja iliyorudi kwa mtumaji.

Tulikimbilia DNS, daftari la majina ya mtandao. Rekodi ya MX ilikuwa sahihi, lakini tukadhani kache za dunia bado zina ile ya zamani, tukashusha TTL (muda wa kuhifadhi rekodi, kwa sekunde) kutoka 86400 hadi 300 na kusubiri. Hilo halisaidii baada ya tukio: aliyekwisha kuhifadhi rekodi ya zamani anaishikilia kwa muda wa zamani. TTL hushushwa angalau siku nzima kabla ya kuhama. Saa kadhaa zikapotea, na jibu muda wote lilikuwa kwenye logi ya seva ya zamani:

`to=<hesabu@example.com>, relay=local, delay=0.08, dsn=2.0.0, status=sent (delivered to mailbox)`

Macho yalikuwa yanaishia kwenye neno `sent`. Neno la kutazama ni `relay=local`. Seva ya barua haiulizi MX ya kikoa inachoamini ni chake. Postfix huangalia kwanza `mydestination`, `virtual_alias_domains` na `virtual_mailbox_domains`, na kikoa kikiwemo humo, barua inawekwa ndani hapohapo hata kama dunia nzima inajua kisanduku kimehama. Ndiyo maana hakuna kilichorudi: kwa seva ile kazi ilikuwa imekamilika. Barua zilikuwa zinarundikana kwenye visanduku ambavyo hakuna mtu anavifungua tena. Kwa mtu anayesubiri malipo, hii ni mbaya kuliko barua kurudi, kwa kuwa hata mtumaji hajui kwamba hatajibiwa.

Amri ya kukagua ni `postconf mydestination virtual_alias_domains virtual_mailbox_domains`. Ukiona `$mydomain` kwenye majibu, angalia pia `postconf mydomain`, maana kikoa chaweza kujificha nyuma ya jina hilo. Ondoa kikoa, kisha `postfix reload`. Kwenye seva za cPanel (paneli ya kusimamia seva) jambo hilohilo huamuliwa na kipengele cha uelekezaji wa barua: kikoa kilichohama kinatakiwa kiwe kwenye `/etc/remotedomains`, kisionekane kwenye `/etc/localdomains`. Kwenye Exchange, seva ya barua ya Microsoft, hutegemea aina ya kikoa kilichokubaliwa. Ukikiacha kuwa cha mamlaka kamili wakati baadhi ya visanduku viko kwingine, mpokeaji asiyeonekana hukataliwa kwa 550 5.1.10. Kibadilishe kiwe cha kupitisha ndani, na uwe na kiunganishi cha kutuma kinachoonyesha upande wa pili.

Barua zilizokwisha kuanguka kwenye visanduku vya zamani usizifute wala usizitume upya kwa mkono. Tulizihamisha kwa `imapsync`, chombo cha kunakili visanduku, tarehe zake zikabaki zilezile.

DNS sahihi, lakini ya nani?

Baada ya kuondoa kikoa tulitegemea amani. Badala yake zikaanza kurudi:

`dsn=5.4.6, status=bounced (mail for example.com loops back to myself)`

Hapo seva inasema: nimeuliza MX, nimejibiwa jina langu mwenyewe, na hiki kikoa si changu, basi barua naipeleka wapi? Kwenye kompyuta zetu `dig +short MX example.com` ilionyesha mtoa huduma mpya. Kwenye seva yenyewe, amri ileile ilionyesha jina la zamani. Mtandao wa ndani ulikuwa na seva yake ya DNS yenye nakala yake ya kikoa, na hakuna aliyekumbuka kuibadilisha. Tangu siku hiyo kila swali la DNS huulizwa kutoka kwenye seva inayotuma.

Tulisahihisha DNS ya ndani, `dig` ikajibu vizuri, Postfix ikaendelea kukosea. Kwenye mifumo ya familia ya Debian, kazi ya `smtp`, inayotuma barua nje, huweza kufungiwa ndani ya saraka ya `/var/spool/postfix`, na humo husoma nakala yake ya `etc/resolv.conf`, si faili kuu. Nakala ile ilikuwa ya zamani na iliendelea kuiuliza seva nyingine ya DNS. Linganisha faili hizo mbili kwa `diff`, na tazama safu ya tano ya `master.cf` kujua kama kazi imefungiwa. Kuanzisha Postfix upya kwa ukamilifu kulinakili faili jipya. `Reload` peke yake haikutosha.

Kilichouma ni barua zilizorudi kwa watumaji kwa kosa letu sisi. Zingeweza kusubiri kwenye foleni. Kabla ya kuhama, weka `soft_bounce = yes`: makosa ya kudumu ya namba 5 hugeuzwa kuwa ya muda, na barua inabaki foleni hadi urekebishe. Tuliiweka siku ya pili, tukiwa tumeshachelewa. Iandike mahali ili uiondoe baadaye, la sivyo anwani zilizokufa zitajaribiwa tena na tena kwa siku tano, na watumaji hawataambiwa kitu.

Mabano mawili ya mraba

Hili lilikuwa dogo, likatuchanganya nusu siku. Seva ya zamani ilikuwa na `relayhost = lango.example.com`, bila mabano. Bila mabano, Postfix hutafuta kwanza MX ya jina hilo, na isipoipata ndipo hutumia anwani yake ya kawaida. Miaka yote haikupatikana, kwa hiyo ilifanya kazi kwa bahati. Wakati wa kuhama mtu aliweka MX ya mtoa huduma mpya kwenye kila jina dogo la kikoa, `lango.example.com` likiwemo. Ghafla lango nalo likaonekana kuwa na MX. Barua za wateja zikapelekwa kwa mtoa huduma mpya badala ya langoni, naye akakataa kwa haki: `554 5.7.1 Relay access denied`. Sahihi ni `relayhost = [lango.example.com]:25`. Mabano humaanisha: nenda kwa mwenye jina hili, usiulize MX.

Ukiwa hapo, kumbuka kwamba `transport_maps`, jedwali la njia za vikoa, hushinda `relayhost`. Mstari mmoja uliosahaulika kwenye faili la `transport` unaweza kupeleka kikoa kimoja njia yake ya pekee huku vingine vyote vikienda sawa. Ukihariri faili bila kuendesha `postmap`, seva inaendelea kusoma jedwali la zamani. Uliza jedwali lenyewe kwa `postmap -q example.com`, ukifuatisha aina na njia ya faili kama `postconf transport_maps` inavyozionyesha. Kwa Exim, programu nyingine ya seva ya barua, kazi ni nyepesi zaidi: `exim -bt mtu@example.com` hukuambia njia yote bila kutuma chochote.

Kufuata risiti

Kilichotuokoa kuanzia siku ya tano ni mazoea ya kufuata namba. Seva ikipokea barua hujibu `250 2.0.0 Ok: queued as` na namba ya foleni. Jibu hilo ni risiti: aliyelitoa amechukua jukumu la kuifikisha au kumwarifu mtumaji. Unaichukua namba hiyo kwenye logi ya mtumaji, unaitafuta kwenye logi ya mpokeaji, unapata namba inayofuata, unaendelea. Mahali ambapo mnyororo unakatika ndipo pa kushughulikia, na seva nyingine zote ziache kama zilivyo. Ukiwa na barua iliyofika kwa kuchelewa, soma mistari ya `Received` kutoka chini kwenda juu na ulinganishe saa. Pengo kubwa linaonyesha aliyeikalia.

Kwa majaribio tumia `swaks`, si programu ya barua ya kila siku: `swaks --server lango.example.com --from jaribio@example.com --to mtu@example.org`. Kila neno ambalo seva mbili zinaambiana linaonekana kwenye skrini. Iendeshe kutoka kwenye seva inayolalamikiwa, ukibadilisha `--server` hatua kwa hatua.

Foleni ilipovimba

Katikati ya wiki ya kwanza lango lilihamishiwa kwenye seva ya kukodi ya wingu. Kufanya mabadiliko mawili makubwa ndani ya wiki moja lilikuwa kosa letu kubwa kuliko yote, kwa sababu tangu hapo kila dalili ilikuwa na washukiwa wawili. `postqueue -p` ikajaa mistari ya `Connection timed out` kwa poti 25.

Maneno ya kosa yana maana tofauti. `Connection refused` ni mtu aliyejibu hapana: umefika, lakini hakuna anayesikiliza, au fayawoli imekataa waziwazi. `Connection timed out` ni kimya: pakiti zinamezwa njiani. Jaribu `nc -vz` kwa poti 25 za vikoa vinne vitano visivyohusiana. Kimoja kikinyamaza, tatizo liko kwake. Vikinyamaza vyote, tatizo liko karibu na wewe. Kwetu vilinyamaza vyote: watoa huduma wengi wa wingu hufunga poti 25 ya kutoka ili kuzuia barua taka. Ama unaomba ifunguliwe, ama unapitisha barua kwa seva nyingine kupitia 587 kwa jina na nywila. Uliza hili kabla ya kulipia seva.

Tatizo lilikaa siku nzima bila kuonekana kwa sababu ya mipangilio ya kawaida ya Postfix. Barua iliyokwama hujaribiwa tena kwa nafasi za kuanzia sekunde 300 hadi 4000, huishi foleni siku tano, na mtumaji haonywi kabisa, kwani `delay_warning_time` huanza ikiwa 0. Tumeiweka `4h`. Onyo la kuchelewa linaudhi, lakini mtu akijua mapema anapiga simu.

Poti ilipofunguliwa tulifanya haraka tena: `postqueue -f`, barua zote zikatoka kwa mpigo kutoka anwani ya IP ambayo hakuna aliyeijua. Seva kubwa zikaanza kujibu kwa 421 na 450, kila moja kwa maneno yake ya kusema punguza kasi. Tukarudia `-f`, wakakaza zaidi. Njia ya busara ni kusimamisha foleni kwa `postsuper -h ALL`, kuweka `smtp_destination_rate_delay = 1s`, kisha kuachia mafungu madogo kwa `postsuper -H` na namba ya barua, ukianza na zenye uzito kwa watu. Jibu la namba 4 ni ombi la kusubiri, na seva inajua kusubiri bila kusukumwa. Jambo jingine: mtu mwenye hofu hushawishika kufuta foleni ionekane safi. `postsuper -d ALL` haina kurudi nyuma.

Anwani mpya ilileta deni lake jingine. Seva ya wingu ilikuwa na IPv6 pia, Postfix ikawa inaitumia, na anwani hiyo haikuwa na rekodi ya PTR, inayogeuza anwani ya IP kuwa jina. Gmail hukataa barua za IPv6 zisizo na PTR. PTR huwekwa na mmiliki wa anwani ya IP, yaani mtoa huduma wa seva, si kwenye DNS ya kikoa chako. Jina inalotoa lazima lirudi kwenye anwani ileile, na ni vizuri lilingane na jina ambalo seva inajitambulisha nalo kwenye HELO, salamu yake ya kwanza. Kama huna namna ya kuiweka, `inet_protocols = ipv4` inamaliza suala.

SPF nayo, orodha ya anwani zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa: anwani mpya iliongezwa kama rekodi ya pili ya `v=spf1`. Rekodi mbili ni kosa la kudumu, na zote mbili hazihesabiki. Ziunganishe ziwe moja, na usivuke utafutaji wa DNS mara 10 ndani yake. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo huwataka watumaji wote wawe na SPF au DKIM, na watumaji wa barua nyingi (kwa Google, 5000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail) wawe na zote mbili pamoja na DMARC, kanuni ya kushughulikia barua zisizothibitishwa.

Barua ndogo zapita, kubwa zakwama

Wiki ya pili lilibaki tatizo moja, gumu kuliko yote yaliyotangulia. Barua za maneno matupu zilipita kati ya seva ya zamani na lango bila shida. Zenye viambatisho zilikwama, na logi ikasema:

`timed out while sending message body`

Tulishuku kikomo cha ukubwa. Tukaongeza `message_size_limit` pande zote mbili. Tukazima kichujio cha virusi. Tukazima usimbaji fiche. Hakuna kilichobadilika, na jambo lenyewe lilipaswa kutusimamisha: kikomo cha ukubwa kikivukwa, seva hujibu 552 waziwazi, hainyamazi.

Fununu ilikuwa kwenye sehemu ya `delays=` ya logi, ambayo wengi huiruka. Ina namba nne. Ya kwanza ni muda kabla ya kuingia kwa msimamizi wa foleni, ya pili ni muda ndani yake, ya tatu ni kuunganisha, ikijumlisha DNS, HELO na TLS (usimbaji fiche), ya nne ni kusafirisha barua yenyewe. Ya tatu ikiwa kubwa, shuku DNS au fayawoli. Ya pili ikiwa kubwa, seva yako imeelemewa. Kwetu ya tatu ilikuwa chini ya sekunde moja, ya nne ikazidi 180, ambazo ndizo `smtp_data_xfer_timeout` ya kawaida. Mazungumzo yalianza vizuri. Pakiti zilipojaa tu, kimya.

Hiyo ni sura ya tatizo la MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti. Tangu lango lihamie wingu, njia ya kulifikia ilipita kwenye handaki la VPN lililofunguliwa na ruta. Seva ya zamani iliamini inaweza kutuma pakiti za baiti 1500. Handaki lilibeba 1420. Pakiti ikizidi, ruta hutakiwa kumrudishia mtumaji ujumbe wa ICMP (lugha ya mtandao ya kupeana taarifa) aina ya 3, kodi ya 4: punguza ukubwa. Fayawoli yetu ilizuia ujumbe huo, kwa imani kwamba ni usalama. Mtumaji hakuambiwa kitu, akarudia pakiti ileile mpaka muda ukaisha. HELO na majina ya wapokeaji ni maneno mafupi, ndiyo maana yalipita.

Kipimo chake ni `ping -M do -s 1472` kwa anwani ya upande wa pili. 1472 ni 1500 ukitoa baiti 28 za vichwa vya IP na ICMP. Isipojibu, shusha taratibu hadi ijibu. Kwetu ilijibu kwa 1392, yaani 1420. Kama ICMP imezibwa kabisa kipimo hiki hakitajibu kwa ukubwa wowote, na hapo `tcpdump port 25` itakuonyesha pakiti kubwa ileile ikirudiwa bila kujibiwa. Dawa ni mbili kwa pamoja. Ruhusu ICMP ya aina hiyo, na kwenye ruta punguza ukubwa tangu mazungumzo yanapofunguliwa:

`iptables -t mangle -A FORWARD -p tcp --tcp-flags SYN,RST SYN -j TCPMSS --clamp-mss-to-pmtu`

Viambatisho vilipita dakika ileile, na wenzetu waliokuwa wamelala ofisini siku mbili wakarudi nyumbani.

Baadhi ya wateja walipata ankara mara mbili, na maelezo yao yalikuwa kwenye logi pia: `lost connection while sending end of data -- message may be sent more than once`. Upande wa pili ulikwisha kuipokea barua, jibu la 250 likapotea njiani, na seva yetu kwa uaminifu ikatuma tena. Tuliwaandikia wateja hao mmoja mmoja kwamba walipe moja.

Mwisho wa wiki ya pili tuliondoa `soft_bounce`, tukapandisha TTL hadi 3600, tukafuta zile rekodi za MX za majina madogo. Visanduku vya zamani viliachwa vya kusoma tu kwa siku 30. Kila asubuhi ya siku hizo mtu mmoja aliendesha amri ileile kwenye seva ya zamani, `grep 'relay=local' /var/log/mail.log | grep example.com`, na ilipaswa kurudi tupu. Siku ya tisa ilirudi na mstari mmoja: skana ya ghorofa ya pili, iliyokuwa na jina la zamani la kikoa ambalo halikuwa kwenye ramani ya mtu yeyote.